Mama wa Buruburu na boti ya Paraa: uchambuzi wa safari moja ya mto na barabara

Familia yenyewe ni ya Buruburu, Nairobi, na mimi ndiye niliyeombwa kuipangia safari. Mama ni mjane wa miaka 76, ana watoto wanne wanaojitegemea na wajukuu wawili ambao bado wako shule ya msingi. Watoto walichanga pesa wampeleke matembezi ya siku tisa mwezi wa Desemba, aone wanyama na mandhari, wakiongozwa na mtu anayeijua kazi. Mama mwenyewe hakuwa na masharti mengi. Alitaka mto, na alitaka awe juu ya maji, asiambiwe autazame kutoka ukingoni.

Hali yake ya mwili ni hii: magoti yote mawili yanamuuma siku nyingi, anatembelea mkongojo, anameza dawa za presha, na akikaa garini saa tatu mfululizo miguu inavimba hadi viatu vinamkaba. Akili iko timamu. Macho yanaona mbali kuliko ya wanawe. Saa kumi na moja alfajiri huwa ameshaamka, na saa mbili usiku anasinzia. Haya niliyaandika kabla ya kuuliza habari ya bajeti, kwa sababu ndiyo yanayoamua safari. Bajeti huamua hoteli tu.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa kuwa maombi ya namna hii yameongezeka Nairobi. Watoto wamepata kidogo, wanataka kuwatembeza wazazi wao, nao wanauziwa mipango iliyotengenezewa kijana mgeni mwenye kamera na mgongo mzima. Msimamo wangu ni kwamba safari ya mzee hupangwa kuanzia kiti atakachokalia pale wanyama walipo, kisha ndipo barabara inatafutwa. Tukianza na orodha ya mbuga, mzee anakuwa mzigo ndani ya gari lililokodiwa kwa ajili yake.

Karatasi ya kwanza

Walikuwa wameshapewa mpango na kampuni moja ya utalii hapa mjini. Ulikuwa wa siku sita: Naivasha, Nakuru, Maasai Mara, Amboseli, Tsavo Magharibi, halafu Barabara ya Mombasa hadi nyumbani. Chini ya Mara paliandikwa kwamba wageni watashuhudia nyumbu wakivuka mto. Huo ndio uliokuwa mto wa Mama.

Kosa la kwanza ni la kalenda. Nyumbu huvuka Mto Mara, kwa kawaida, kati ya Julai na Oktoba. Ikifika Desemba makundi yameshashuka Tanzania, yanaelekea nyanda za nyasi fupi za kusini mwa Serengeti ambako huzaa mwanzoni mwa mwaka. Mto unabaki na viboko wake na mamba wake, na ni mzuri kuutazama, lakini ule uvukaji wa kwenye picha haupo. Anayemwahidi mtu nyumbu mtoni Mara mwezi wa Desemba anamuuzia picha ya msimu mwingine.

Kosa la pili ni la kiti, na hili naomba tulikalie kidogo, maana sijawahi kuona kampuni ikilitaja kwenye mpango wake.

Magari yetu ya safari yana paa linaloinuliwa. Mgeni husimama, akaweka viwiko kwenye ukingo wa paa, akaona simba aliyelala nyasini mita thelathini mbele. Gari zima limejengwa kwa kudhani kwamba utasimama. Sasa mkalishe mama wa miaka 76 katikati ya watoto wake wanne na wajukuu. Dereva anasimamisha gari, wote wanainuka, na yeye anabaki ametazama mikanda ya suruali. Akijaribu kusimama, gari linasogea kidogo kutafuta pembe nzuri, goti linagonga kiti. Kuteremka anyooshe miguu hakuruhusiwi ila sehemu chache zilizotengwa. Ngazi ya kupandia iko juu, kwa hiyo kila kituo cha choo ni kazi ya watu wawili. Na kwa mpango ule wa mbuga tano kwa siku sita, kila alfajiri ni kufunga mabegi. Siku ya kutoka Mara kwenda Amboseli pekee inameza saa zote za mchana barabarani.

Sikumlaumu kijana aliyeuandika mpango ule. Orodha ndefu ndiyo inayouzika, na wateja wenyewe huhesabu mbuga kama wanavyohesabu vitu dukani. Lakini ukiusoma ukiwa na Mama akilini, unaona kwamba hakuna mahali popote katika siku sita ambapo yeye angekaa, ametulia, na kuona vizuri kuliko wengine.

Juu ya boti mambo hugeuka. Kila mtu ameketi. Hakuna vumbi, hakuna mashimo. Kiangazi kikikaza, wanyama hushuka mtoni wenyewe, na chombo kinawasogelea polepole bila kuwashtua, kwa kuwa tembo anayekunywa hana wasiwasi mkubwa na kitu kinachoelea. Jicho la aliyeketi liko karibu usawa wa mgongo wa kiboko. Kwa mwenye magoti mabovu, hakuna kiti cha safari kinachoshinda hicho.

Mto upi?

Kenya ina mito mikubwa, ila mito ya kupanda boti ukiwa na mzee, huku wanyama wakiwa kando, ni michache mno. Tana ndio mrefu kuliko yote, kama kilomita 1,000, lakini sehemu iliyo karibu na Nairobi, pale Sagana, ni ya vijana wanaopiga makasia kwenye maporomoko na kupinduka kwa furaha. Chini yake kuna mabwawa ya umeme, Masinga hadi Kiambere. Delta yake ina boti na ndege wengi, lakini ni mbali, na barabara ya upande ule huhitaji kuangaliwa hali ya usalama kabla ya kuahidi kitu. Ewaso Ng'iro ya Samburu ni mto wa kutazama ukiwa kando: kiangazi unaweza kuwa mchanga mtupu, na ukifurika hauna simile. Machi 2010 ulizibomoa kambi na loji za ukingoni kwa siku moja. Mara hakuna boti.

Zinabaki Naivasha na Baringo, ambako boti ni nzuri, ila hayo ni maziwa.

Nje ya mipaka yetu kuna mitatu ya kufikiria. Rufiji, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, una safari za boti zinazosifika sana, lakini kwa barabara kutoka Nairobi unaanza kwa kufika Dar es Salaam, na Mama angefika amekwisha. Mfereji wa Kazinga, unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward magharibi mwa Uganda, una viboko na nyati wasiohesabika, lakini uko mbali sana kupita Kampala. Wa tatu ni Nile yenyewe katika Hifadhi ya Murchison Falls, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambako boti hutoka Paraa na kupanda mto kwa kilomita kama 17 hadi chini ya maporomoko.

Nilipoitaja Pakwach, mji ulio karibu na lango la kaskazini la hifadhi hiyo, Mama alinikatiza. Marehemu mumewe alikuwa karani wa mizigo katika Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Shirika hilo halikuishia kwenye treni: lilikuwa na meli Ziwa Viktoria, Ziwa Albert na kwenye Nile. Mzee alianza kazi enzi bandari ya Butiaba bado inapokea mizigo, na baadaye, reli ilipofika Pakwach mwaka 1964, jina hilo likawa linapita mezani kwake kila siku. Hakuwahi kufika. Alikuwa anaandika tu, Nairobi, na jioni anarudi nyumba za Reli, Makongeni, na hadithi za mahali alipopajua kwa stakabadhi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, hata stakabadhi zikaisha.

Watoto wake walikuwa hawajui kwamba mto aliokuwa akiusema una jina. Binti mkubwa akamuuliza, "Mama, mbona hukutuambia?" Akajibu kwamba walikuwa wanazungumza juu ya Mara, na yeye hakutaka kuwaharibia.

Nawaomba wanaopanga safari za wazazi walitilie hili maanani. Mzazi wa kwetu, akilipiwa na watoto, hujiona mgeni katika starehe yake mwenyewe. Atakubali mbuga yoyote utakayomtajia. Lazima aulizwe akiwa peke yake, na aulizwe kuhusu majina ya mahali, si kuhusu wanyama.

Karatasi za afya na za mpaka

Hapa ndipo safari ilikaribia kufa. Uganda inataka cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na watoto walijua hivyo. Walichokuwa hawajui ni kwamba chanjo hii, kwa mtu aliyepita miaka 60 ambaye hajawahi kuchanjwa, ina hatari ya madhara makali zaidi kuliko kwa kijana, hivyo haiendewi kama sindano ya kawaida. Daktari anayemjua mgonjwa ndiye apime. Akiona haifai, huandika barua rasmi ya kumwondolea sharti hilo, na barua hiyo nayo ni vyema kuiulizia mpakani mapema kabla ya kuitegemea.

Mama alikuwa na kile kijitabu cha manjano ndani ya mkoba wa Biblia. Alichanjwa mwaka 2011 alipokwenda Ghana kwa arusi ya ndugu. Ukurasa wa ndani ulionyesha muda wake unaisha 2021, na mwanawe alikuwa ameshampangia miadi ya kuchanjwa upya. Haikuhitajika. Tangu Julai 2016, kwa uamuzi wa Shirika la Afya Duniani, cheti cha homa ya manjano kinadumu maisha yote ya aliyechanjwa, na kanuni hiyo inavihusu hata vyeti vya zamani vilivyopigwa muhuri wa miaka kumi. Kijitabu kile kilichochakaa pembeni kilimwepusha na sindano ambayo kwa umri wake si jambo la mzaha. Wajukuu ndio waliochanjwa, mapema, kwa sababu cheti huanza kuhesabika siku ya kumi baada ya chanjo.

Malaria tuliipa uzito wake. Mtu anayeishi Nairobi, juu ya mita 1,600, hana mazoea ya mbu wa bonde lenye joto kama lile la Paraa. Kila mmoja alimwona daktari kwa dawa za kinga, na kwa Mama daktari alizipatanisha na zile za presha. Tulimwomba pia aseme saa ya kumeza ile dawa ya presha inayomkimbiza chooni, ili isiangukie saa za boti. Hili ni jambo dogo ambalo mzee haoni aibu nalo akiulizwa na daktari, lakini hatalisema mbele ya mkwe.

Mpakani, Mkenya mtu mzima huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Watoto wasio na kitambulisho wawe na hati zao wenyewe za kusafiria. Gari la Nairobi waliliacha Busia: mwongozaji wa Uganda alikuja na gari lake, wakahamisha mabegi. Gharama inaongezeka kidogo, lakini unaokoa makaratasi ya kuingiza gari nchi nyingine, na unapata mtu ambaye kila bonde njiani analijua kwa jina. Malaba hatukuitaka kwa ajili ya foleni ya malori.

Jambo la mwisho kabla ya kuondoka lilihusu nguo. Binti wa tatu alikuwa amechapisha fulana za familia, bluu iliyokolea, zenye jina la Mama kifuani. Zilipendeza sana. Lakini bonde la Nile pale Murchison lina mbung'o, na mbung'o huvutwa na bluu iliyokolea na nyeusi, hadi mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Fulana zikavaliwa Jinja. Hifadhini walivaa rangi ya udongo na kijivu, mikono mirefu.

Barabara

Waliondoka wiki ya pili ya Desemba, kabla Nairobi yote haijaanza kumiminika magharibi kwa ajili ya Krismasi. Tarehe hiyo ilimgharimu kitinda mimba, ambaye hakupata likizo mapema. Yeye aliruka hadi Entebbe baadaye akawakuta Masindi. Ilikuwa afadhali hivyo kuliko wote kukaa saa za bure kwenye foleni kati ya Naivasha na Nakuru.

Mtoto wa kwanza alitaka wafike Jinja siku moja. Inawezekana, wenye malori hufanya. Nilikataa. Siku ya kwanza iliishia Kericho, kilomita kama 265, kwa kituo kila baada ya saa moja na nusu: kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, Naivasha, Nakuru, Londiani. Mama aliketi mbele kando ya dereva, kiti kimesukumwa nyuma, na kigoda kidogo cha kuegemeza miguu. Kigoda hicho kilinunuliwa Gikomba, na nadhani ndicho kifaa kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote safarini. Kilikuwa pia ngazi ya kupandia gari.

Siku ya pili ilikuwa nzito: Kericho, Kisumu, Busia, Jinja. Kilomita zinazidi 300 na mpaka uko katikati. Miguu ilivimba siku hiyo. Familia yenye pesa ya usiku mmoja zaidi ilale Kisumu, ikapumzike kando ya ziwa, na siku ya Busia ianze na mwili mpya.

Jinja walipumzika siku nzima. Waliivuka Nile kwa lile daraja la nyaya lililofunguliwa 2018, na asubuhi wakapanda mashua ndogo hadi pale mto unapoliacha Ziwa Viktoria. Maporomoko ya Ripon yaliyokuwa hapo yalifunikwa na maji ya bwawa la Owen Falls, lililokamilika 1954, kwa hiyo usitegemee kelele, ni maji mapana yanayotiririka kwa utulivu. Mwongozaji aliwaonyesha upande wa Mpumudde na kuwasimulia habari za Omukama, yaani mfalme, Kabalega wa Bunyoro, aliyepigana na Waingereza, akakamatwa 1899 na kupelekwa Ushelisheli, na hatimaye akafia hapo Jinja mwaka 1923 akiwa njiani kurudi kwao. Maporomoko waliyokuwa wakiyaendea yaliitwa kwa jina la Murchison na Samuel Baker mwaka 1864. Katika miaka ya Idi Amin yaliitwa Kabalega. Hadithi hiyo iliwafaa kwa barabara ya kesho yake, kwa maana walikuwa wakiingia Bunyoro.

Kutoka Jinja hadi Masindi ni kama kilomita 300. Walivunja safari Ziwa, hifadhi ya vifaru kando ya barabara ya Gulu. Uganda ilipoteza vifaru wake wote, na mbegu ya sasa ilianza na waliotoka Solio, kwetu Laikipia, pamoja na wawili kutoka Marekani. Ndama wa kwanza, aliyezaliwa 2009 kwa baba wa kutoka Kenya na mama wa kutoka Marekani, aliitwa Obama. Wajukuu waliingia porini kwa miguu wakiongozwa na askari. Mama alikunywa chai kibarazani.

Masindi hadi Paraa ilikuwa rahisi, na sababu yake isemwe wazi. Lami hiyo imeletwa na mafuta. Mradi wa Tilenga wa TotalEnergies unachimba ndani na kando ya hifadhi, na bomba la kilomita 1,443 limepangwa kuyapeleka mafuta hadi Tanga. Daraja la Paraa limechukua nafasi ya ile feri iliyokuwa ikivusha magari. Kwa Mama, barabara na daraja vilikuwa neema: hakushuka, hakutikiswa. Kwa tembo wa ukingo wa kaskazini ni hadithi nyingine, na mimi naumia nikiiwaza. Mwongozaji mwema haifichi. Wa kwao aliwaeleza, akaonyesha njia za malori, na hakuwapa hukumu.

Boti

Boti za Paraa hutoka asubuhi na alasiri. Tulichagua ya saa nane mchana, kwa sababu mbili. Mchana wa Desemba kule ni wa joto kali, na joto ndilo linalowashusha tembo na nyati majini. Tena mto unatiririka kwenda magharibi, kwa hiyo maporomoko yanatazama magharibi: jua la alasiri linayapiga usoni, na anayepanda mto ana jua mgongoni.

Tuliuliza mapema mambo matatu. Kuna ngazi ngapi kutoka gati hadi ndani? Choo kipo? Jaketi za kuokolea zinawatosha watoto? Majibu yakatufanya tuchague boti kubwa ya pamoja badala ya ndogo ya kukodi. Wengi hukimbilia sitaha ya juu. Mama aliwekwa ya chini, mkono wa kushoto. Mtu akipanda mto, kushoto ni kaskazini, upande wenye mbuga ya wazi. Kusini kuna miti mingi, na wanyama hujificha.

Haya yafuatayo niliyapata kutoka kwa mwongozaji na kutoka kwa Mama mwenyewe, na yanakubaliana. Dakika za mwanzo zilikuwa za viboko, makundi kwa makundi, masikio yakipepea maji. Halafu ukingo wa udongo mwekundu uliotobolewa matundu mengi, na keremkerem wenye koo jekundu wakiingia na kutoka. Mamba mmoja alilala kinywa wazi, na mjukuu akasema anangoja chakula. Mwongozaji akamweleza kuwa anapunguza joto la mwili. Furukombe juu ya mti mkavu. Kuro wawili ndani ya matete. Na tembo: jike na ndama wake, maji yakiwa tumboni, karibu kiasi kwamba Mama alisikia mkonga ukivuta. Nahodha alizima injini. Boti ikateleza na mkondo kurudi nyuma kidogo, na wale wa sitaha ya juu wakawa wanainama kutafuta pembe ya picha, wakati yeye chini alikuwa ana tembo wake mbele ya uso bila kunyanyua mkongojo.

Kisha akaona povu. Mabonge meupe, madogo kama ngumi mwanzoni, yakipita kando ya boti moja baada ya jingine. Akamuuliza mwongozaji kama kuna kiwanda juu. Yule kijana akacheka kwa furaha, akasema, "Jjajja, umeyaona maporomoko kabla ya wote." Povu hilo hutoka pale Nile nzima inapobanwa kwenye mwanya wa mita kama 7 na kuporomoka zaidi ya mita 40. Huelea umbali mrefu sana kabla mngurumo haujasikika. Toka hapo Mama akawa anayahesabia wajukuu ukubwa wa mabonge, yanavyozidi kunenepa, hadi kona ya mwisho ilipofunguka.

Boti haifiki chini kabisa, mkondo hauruhusu. Husimama kwenye mwamba, mita mia kadhaa kabla. Kushoto kidogo mwa maporomoko makuu waliyaona mengine, yaliyofunguka kwa mafuriko ya 1962, mwaka Uganda ilipopata uhuru, na ndiyo maana yanaitwa Uhuru. Vijana waliteremka wakapanda kilima kwa miguu hadi juu, saa nzima ya kutoka jasho. Mama alirudi na boti. Asubuhi ya pili gari lilimpeleka juu kwa barabara ya upande wa kusini, karibu kiasi kwamba hatua chache za mkongojo zilitosha, akasimama kwenye mnyunyizo.

Yaliyofuata yalikuwa ya kila mtu kwa nafsi yake. Watoto waliamka alfajiri kwenda Buligi, kwenye rasi kati ya Nile mbili, ya Viktoria na ya Albert, wakaona simba na twiga. Mama alibaki kwenye baraza linalotazama mto, kwa ridhaa yake. Halafu wote wakaenda Pakwach kwa lami, kupitia lango la Tangi. Kwenye daraja la Nile ya Albert dereva alipunguza mwendo, na hawakupiga picha kwa kuwa madarajani si mahali pa kuinua simu ovyo. Mjini alinunua samaki mkavu, akamuuliza muuzaji reli ilikuwa inaishia wapi. Akaonyeshwa kwa kidole.

Kurudi, Mama na binti mkubwa walilala Entebbe na kuruka hadi Nairobi, kama saa moja hewani. Wengine walirudi kwa barabara. Tiketi hizo mbili zilitoka katika pesa ambazo mpango wa kwanza ungezilipa kwa viingilio vya mbuga tano. Namshauri kila mwenye mzazi wa umri huu afanye hivyo. Barabara ya kwenda ina hamu ndani yake, ya kurudi ina maumivu tu.

Kama asingekuwa na kile kijitabu

Wameniuliza wengine: mzazi wangu amepita sabini, hajawahi kuchanjwa, na daktari hataki. Basi msilazimishe Nile. Ningeipeleka familia ile Baringo, kama kilomita 280 kutoka Nairobi, kwa kulala Nakuru njiani. Ni ziwa, lakini ni maji matamu, lina viboko na mamba, ndege ni wengi kupindukia, na boti hukuchukua hadi chini ya miamba ya visiwa. Maji yake yamepanda sana miaka ya karibuni na kumeza hoteli za kandokando. Pale Ruko twiga walinaswa kisiwani, wakavushwa mmoja mmoja kwa jahazi la vyuma, kazi iliyomalizika Aprili 2021. Huko nako mpango uanze na kiti. Gati nyingine zimezama na mpya ni za mbao na mawe tu, kwa hiyo mpigie simu mwenye boti, mwambie ana mgeni wa mkongojo, na umuulize siku hiyo maji yako wapi na abiria anapandia wapi. Akijibu kwa haraka kwamba hakuna shida, uliza tena, aeleze hatua kwa hatua.